Aliyetoboa Ndiye Azibe

Inspekta alivuta kigoda cha yule seremala, akakipangusa kwa kiganja, akakaa. Hakugusa kitu kingine. Koplo wake alisimama mlangoni akibadilisha mguu, huu na huu, kama mtu aliyebanwa na haja.

"Afande, juzi tulipiga picha zote. Kila kitu kimo kwenye faili."

"Faili nimeisoma. Sasa nasoma chumba."

Kituoni walimwita Mama Taratibu, wala hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Simu yake ilikuwa imelia mara mbili tangu asubuhi, na mara zote mbili alikuwa ni mkuu wa kituo: saa nane kamili mke wa seremala afikishwe mahakamani, shauri lianze, watu wapumzike. Sasa ilikuwa saa tatu na robo, siku ya Alhamisi.

Karakana ilikuwa chumba cha uani, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni. Mlikuwa na meza ndefu, taa ya kupinda shingo, misumeno ya kukatia mbao nyembamba kama ganda la kitunguu, makopo ya gundi na misumari ya ukubwa wa punje ya mtama. Ukutani, juu ya rafu, zilipangwa manowari. Kila moja ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, na mizinga yake, milingoti yake, na ngazi ambazo sisimizi angezipanda bila kuinama. Usidhani zilikuwa pambo. Zilikuwa na mota na rimoti, na tumboni kila moja ilibeba mtungi mdogo wa gesi wa kurushia gololi. Kila mwisho wa mwezi marafiki watatu, watu wazima wenye mvi, walizipeleka bwawani wakapigana vita mpaka meli zizame.

Mwenye karakana alikuwa seremala. Rafiki zake walimwita Admirali, maana manowari yake haikuwahi kuzama. Wa pili alikuwa fundi wa saa za mkononi, wakamwita Lenzi kwa ile lenzi aliyokuwa akiibana jichoni siku nzima. Wa tatu, dereva wa lori, walimwita Nyambizi, kwa kuwa meli yake ilikaa zaidi chini ya maji kuliko juu.

Jumanne asubuhi Admirali alikuwa akijaza gesi kwenye manowari yake. Mtungi ukapasuka. Jicho la kushoto lilikwenda palepale. La kulia madaktari walikuwa bado wanalipigania, na yeye tangu siku hiyo alikuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, hajasema neno.

Kama ingekuwa ajali, Inspekta asingekuwa kwenye kigoda kile. Lakini mtungi wa namna ile una kitundu cha kupumulia: gesi ikizidi, inatoka yenyewe kwa mluzi. Mtaalamu wa maabara alikikuta kitundu hicho kimezibwa kwa gundi, na juu ya gundi kimepakwa rangi nyekundu ya kucha. Chupa ya rangi ilikutwa hapo hapo mezani. Ilikuwa ya mke wa Admirali. Na mke wa Admirali ndiye aliyesikiwa na mtaa mzima akisema, si mara moja, "Siku moja nitazichoma hizo meli na mwenye meli humo humo!"

Kwa hiyo akawekwa ndani. Watoto wake watatu wakapelekwa kwa jirani.

"Nisogezee hiyo," Inspekta alisema.

Koplo aliibeba manowari iliyopasuka kama anabeba kitoto kichanga. Sitaha ya mbele ilikuwa imefumuka, lakini ubavu wa kulia ulikuwa mzima. Inspekta akaupitishia kidole. Moja, mbili, tatu... viraka saba, vidogo kama ukucha wa kidole gumba, vimelala barabara na mbao.

"Hivi ni vya lini?"

"Afande, meli ya vita itakosaje viraka?"

"Tazama rangi."

Koplo akatazama. Tumbo lote la meli lilikuwa limepakwa rangi nyekundu iliyokolea, nyekundu ya ini. Viraka vilikuwa vyekundu vya nyanya iliyoiva.

"Nyekundu ni nyekundu, afande."

"Muulize mkeo kama nyekundu ni nyekundu."

Akatoa simu, akampigia mtaalamu wa maabara. Akasubiri. Akasikiliza. Akasema ahsante, akaandika kwenye daftari lake: *Iliyoziba mtungi ni ya nyanya. Ya chupa ni ya nyanya. Viraka saba, ya nyanya. Tumbo, ya ini.* Kisha akapiga mstari chini ya neno *viraka*.

* * *

"Umekula, mama?"

"Nile nini? Mume wangu hospitali, mimi huku, wanangu kwa jirani wamerundikwa kama mizigo ya stendi."

Mke wa Admirali alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho makali, amekaa kwenye benchi la kituo kama aliyekuja kudai chake. Inspekta aliketi karibu naye, si mbele yake.

"Ulisema utazichoma meli."

"Nilisema. Na mkinitoa humu nitasema tena. Wewe mumeo analala wapi?"

"Kwangu."

"Mshukuru Mungu. Wangu alilala karakana. Akila, anawaza mlingoti. Nikivaa nguo mpya haoni, lakini msumari ukipinda anaumwa kichwa. Mke mwenza mwenye miguu, dada yangu, unamkuta sokoni, unamvuta kilemba, mnamalizana. Mke mwenza wa mbao utamvuta nini?"

Koplo alikohoa kuficha kicheko.

"Cheka tu, mwanangu. Wivu ninao, andika hapo kwa herufi kubwa. Lakini nimeupigia kelele miaka kumi. Mwenye kutaka kuua mtu huwa anatangaza kama muuza samaki?"

Inspekta alikuwa ameona mengi katika kazi hii, na alijua kwamba wivu wa kelele ni moto wa mabua: unawaka, unaunguza nyusi, unazima. Wa kuogopwa ni ule wa pumba. Juu unaona majivu, ukikanyaga ndipo unajua.

"Rangi ya kucha ni yako?"

"Yangu!" Mama yule akanyoosha vidole vyote kumi. Kucha zilikuwa tupu. "Unaona hata moja? Chupa ya kwanza iliishia kwenye matako ya meli, eti inazuia maji. Jumapili mchana nikanunua nyingine. Ile iliyokolea ilikuwa imekwisha dukani, nikachukua ya nyanya. Nikaificha kwenye kopo la majani ya chai. Jioni hiyo hiyo akataka chai, akajipikia mwenyewe, miaka kumi hajajipikia chai! Akaiona, akaikwapua, akaipeleka karakana."

"Jumapili jioni."

"Jumapili jioni. Sijapaka hata kidole cha mguu."

"Jumatatu mlikuwa wapi?"

"Mimi nilikwenda kumwona mama yangu tangu asubuhi hadi jioni. Yeye alikuwa kazini, wanafunga milango kwenye jengo jipya. Alirudi hoi, akala, akalala. Usiku huo hata karakana hakuingia."

"Nani anajua ufunguo ulipo?"

"Uko msumarini chini ya dirisha. Wanajua wao watatu na paka."

Inspekta akafungua ukurasa mpya. "Na yale matundu saba ya ubavuni, mumeo aliyaziba lini?"

Mama yule alikunja uso. "Yamezibwa?"

"Yamezibwa."

"Haiwezekani. Jumapili nilipomfuata kudai rangi yangu yalikuwa wazi, saba, nikayahesabu, roho yangu ikaburudika. Mume wangu hawezi kuyaziba."

"Fundi kama yule?"

"Siyo hajui. Hawaruhusiwi! Hao watu wana sheria kuliko bunge. Aliyetoboa ndiye azibe. Ukinitoboa bwawani, unakuja mwenyewe karakana, unakaa, unaniziba. Ndiyo kusema vita imekwisha, hatuna kinyongo. Na mpaka matundu yazibwe, mwenye meli hatii gesi. Mwaka jana Nyambizi alimtoboa tundu moja, moja tu dada yangu, akasafiri wiki tatu. Meli ikakaa mezani wiki tatu inamngoja dereva! Nikamwambia mume wangu, nipe hiyo gundi nizibe mimi, meza ipumue. Alivyonitazama, utadhani nimemwambia amchinje mtoto."

"Jumanne asubuhi, kabla ya mlipuko, alisema nini?"

Mama yule alishika upindo wa nguo yake, akaukunja, akaukunjua.

"Alikwenda karakana mapema, akarudi jikoni anapiga mluzi. Akanywa chai kwa kusimama. Akaniambia, 'Mke wangu, leo nina furaha.' Nikajua tu ni meli. Nikanuna. Sikumuuliza furaha ya nini." Akainamisha kichwa. "Ningemuuliza, pengine angekaa. Angesimulia. Anapenda kusimulia."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

"Jumamosi bwawani, nani alimtoboa?"

"Mimi niyajulie wapi mambo ya bwawani? Muulizeni Nyambizi. Ndiye mwenye daftari."

* * *

Nyambizi walimkuta yadi ya malori, amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Toka tuzungumze," Koplo alisema.

"Nazungumza vizuri nikiwa chini. Waulize wenzangu wa bwawani."

Alitoka hata hivyo, mtu mrefu, mweusi kwa oili mpaka masikioni. Alipoona sare ya Koplo uso ukamshuka.

"Ni yale maneno ya Jumamosi, siyo? Nilisema nitamvunja yeye na meli yake. Afande, meli yangu ilizama dakika ya tatu. Ulitaka niimbe? Nasema hivyo kila mwisho wa mwezi, kisha kesho yake nakwenda kula kwake."

"Jumapili ulikwenda kula kwake?"

"Jumapili alfajiri nilikuwa barabarani. Nimerudi jana jioni." Akachomoa bahasha kutoka kwenye kiti cha dereva. Ndani mlikuwa na karatasi za mizani, zote zina mihuri, tarehe na saa. Inspekta alizisoma moja moja, akahesabu vituo kwa kidole, akazirudisha. Mtu aliyepimwa uzito wa lori Jumatatu mchana, mwendo wa siku nzima kutoka hapa, hawezi kuwa anapaka rangi ya kucha kwenye karakana ya mtu.

"Naomba daftari."

Lilikuwa daftari la shule lenye jalada la bluu. Mwandiko ulikuwa mzuri ajabu, kama wa kadi ya harusi.

"Kwa nini unaandika wewe?"

"Sheria. Anayezama wa kwanza ndiye karani. Miaka sita hii hakuna mwandiko mwingine humo. Nilianza siwezi kuandika mstari ulionyooka. Kuzama nako kuna faida zake."

Inspekta alifungua Jumamosi. Akaisoma kwa sauti.

"'Lenzi kamtoboa Admirali, matundu saba. Admirali kamtoboa Lenzi, tundu moja. Lenzi kazama.' Saba haikuzama, moja ikazama?"

"Ndiyo uchungu wenyewe." Nyambizi akajifuta mikono kwa tambara. "Lenzi alipiga saba, safi, amepangilia kama vifungo vya shati. Zote juu ya mstari wa maji. Admirali akapiga moja, chini. Watu wakapiga makofi. Halafu, kana kwamba hiyo haitoshi, akatokea mtu na gazeti."

"Gazeti gani?"

"Lilikuwa na picha ya Admirali, nusu ukurasa. Wamemwandika Baba wa Manowari. Na makumbusho wanamwomba ajenge moja kubwa iwekwe ukumbini, watoto wa shule wawe wanaitazama. Sote tukashangilia, mimi nimelowa maji nashangilia. Lenzi akaomba gazeti. Akalisoma. Akaligeuza nyuma. Akaligeuza tena mbele."

"Alikuwa anatafuta nini?"

"Jina lake. Kitu gani kingine? Afande, ni yeye aliyemfundisha Admirali. Miaka kumi na minane iliyopita manowari ya kwanza waliijenga juu ya meza ya Lenzi, Admirali hajui hata kushika kibanio. Nani hajui?"

"Gazeti halikujua. Akasemaje?"

Nyambizi alifikiri, tambara limesimama mkononi.

"Alisema hongera. Halafu akasema tena hongera. Akakunja vyombo vyake akaondoka."

"Hakugomba?"

"Bora angegomba. Mimi niligomba nikamaliza, nikalala usingizi mzuri."

Garini Koplo hakuwasha moto mara moja. "Afande, Lenzi tulishachukua maelezo yake. Anasema hajakanyaga karakana tangu siku ya vita. Jumatatu alikuwa dukani kwake."

"Na wewe unaonaje?"

Koplo akahesabu kwa vidole. "Jumapili matundu yako wazi. Jumanne asubuhi yamezibwa. Rangi ya viraka ndiyo rangi ya mtungi, na hiyo rangi imeingia karakana Jumapili jioni. Kwa hiyo aliyeziba ubavu ndiye aliyeziba mtungi. Na kwa sheria yao, wa kuziba ubavu ni mmoja." Akashusha mkono. "Lakini afande, mtu anakwenda kumdhuru mwenzake, anakaa kwanza anamtengenezea meli?"

"Asingeitengeneza, Admirali asingetia gesi."

"Sawa. Lakini wakili atasema Admirali alijiziba mwenyewe, kachoka kungoja. Hatuna aliyeona."

"Hatuna," Inspekta alikubali. "Tuna saa mbili na nusu. Tupitie karakana uchukue meli, uifunike vizuri."

* * *

Duka la Lenzi lilikuwa jembamba kama kabati la nguo. Saa zilijaa ukuta mzima, na zote, ajabu ya duka la saa, zilisema wakati mmoja: sita na dakika arobaini. Mwenyewe alikuwa mtu safi, shati limefungwa mpaka shingoni, lenzi jichoni, amemwinamia mgonjwa wake wa chuma.

"Karibuni. Mama, karibu kiti. Shemeji yangu vipi, mmemwachia? Kusema kweli inaniuma. Hasira mbaya."

"Mbaya," Inspekta alisema. "Bwana, nimekuja kuomba utaalamu wako. Saa nane nina mahakama, na nitaulizwa huyu Admirali ni fundi wa namna gani. Mimi sijui meli. Wewe unajua."

"Ni fundi mzuri."

"Watu wanasema hajatokea kama yeye."

"Watu wanasema."

Koplo akaweka manowari juu ya kaunta, akaondoa kitambaa. Lenzi hakuitazama sitaha iliyofumuka. Macho yake yalikwenda ubavuni, yakatoka upesi.

"Mama yangu alikuwa mshonaji," Inspekta alisema, akitoa daftari bila haraka. "Kiraka kizuri nakijua. Sasa tazama hivi. Nyuzi za mbao zinavyofuatana, huoni pa kuanzia wala pa kuishia. Na ukipitisha kidole, kama hakuna kitu. Huyu mtu alitoka kazini Jumatatu hoi, miguu imevimba, akakaa akaziba saba namna hii! Nimeelewa kwa nini gazeti limemwita baba."

"Haruhusiwi kujiziba," Lenzi alisema polepole. "Tuna utaratibu."

"Nimeambiwa. Lakini naona safari hii hakumngoja mtu. Na kwa nini angoje? Mtu mwenye mkono huu anamhitaji nani?" Akageukia Koplo. "Andika. Viraka saba, kazi ya Admirali mwenyewe. Na tutawashauri makumbusho waiweke hii hii, pembeni ya ile kubwa, na kibao: tazameni mkono wa Baba wa Manowari."

Kalamu ya Koplo ilikwaruza karatasi. Saa za ukutani zilitembea. Lenzi alinyoosha kidole gumba, akakigusa kiraka cha kwanza, akakifuata cha pili, cha tatu.

"Ana mkono," Inspekta alisema kama anayejisemea. "Mkono kama huu haufundishwi. Mtu anazaliwa nao."

"Haufundishwi?"

Ile lenzi ilimdondoka jichoni, ikabingirika kaunta. Hakuiokota.

"Haufundishwi, mama? Admirali anakata kiraka cha mraba! Miaka yote, mraba! Nimemwambia, kata kama jani, pembe zinavuta maji, kata kama jani. Hasikii! Mtazame hapa. Huu ni mraba? Huu? Hili ni jani, na hili ni jani, na ncha zake zote zinatazama mbele, maji yapite. Admirali hawezi kukata hivi hata akizaliwa mara mbili. Hii siyo kazi yake. Hii kazi ni yangu!"

Kalamu ya Koplo ikasimama.

Inspekta aliisogeza lenzi kando.

"Uliifanya lini?" akauliza kwa upole.

"Siku ile... palepale bwawani."

"Rangi hii ilinunuliwa Jumapili mchana. Jioni yake ndiyo iliingia karakana."

Lenzi alitazama mikono yake, mikono mizuri, kucha zimekatwa sawasawa. Ukucha mmoja wa gumba ulikuwa na alama nyekundu ndogo pembeni, nyekundu ya nyanya, ambayo hata fundi msafi hakuiona.

"Nilikwenda kuziba," akasema. "Naapa mbele yenu, nilikwenda kuziba tu. Nilisema nitamaliza kinyongo changu mezani kama tulivyozoea. Nikaziba ya kwanza. Ya pili. Kadiri nilivyoendelea zilizidi kuwa nzuri. Ya saba ilikuwa nzuri mno, mama. Nikaitazama, nikawaza, na hii nayo watasema ni yake." Akaficha mikono chini ya kaunta. "Gundi ilikuwa bado iko kwenye kijiti. Mtungi ulikuwa hapo hapo, karibu na mkono wangu."

Kisha saa zote za duka lile, kubwa na ndogo, zikagonga saba kwa pamoja, na Lenzi akashtuka kama mtu aliyeitwa jina.

* * *

Mke wa Admirali alifika hospitali saa kumi na nguo ile ile ya mahabusu, watoto hajawaona, amesema kwanza amwone baba yao. Inspekta alimsindikiza. Daktari aliwapokea mlangoni: jicho la kulia lingeona, si sana, lakini lingeona. La kushoto basi tena.

Admirali alikuwa amefungwa bandeji mpaka puani. Aliposikia nyayo aligeuza kichwa.

"Ni wewe? Unatembea kwa hasira, nakujua."

"Ni mimi."

"Meli imeharibika sana?"

Mkewe alifumba macho. Siku nyingine angetukana. "Mbele tu," akasema. "Ubavu mzima."

"Nilijua. Kaziba vizuri yule." Midomo iliyokauka ikajaribu kucheka. "Jumanne nilivyoingia nikaviona, saba, vimekatwa kama majani. Kumbe alikuja mimi sipo. Jumamosi aliondoka vibaya, nikawa siwezi kulala. Nilipoviona nikasema, basi, mwenzangu amenisamehe. Nikatia gesi nikiwa nacheka." Akatafuta mkono wa mkewe juu ya shuka. "Lenzi amekuja kunitazama?"

Mama yule aliyekuwa na jibu la kila kitu alimtazama Inspekta. Inspekta akatazama sakafu.

"Bado," mkewe akasema.

"Akija niamshe hata kama nimelala. Nataka kumshukuru mwenyewe."

Mkewe alimshika mkono mpaka dawa ikamchukua tena. Kisha akautoa wake taratibu, akatoka nje ya chumba, akamkuta Inspekta ameegemea ukuta, daftari limefungwa.

"Dada yangu," akasema. Sauti yake, kwa mara ya kwanza siku ile, ilikuwa ndogo. "Sheria yao inasema aliyetoboa ndiye azibe. Sasa hili la mume wangu, nitamwambia azibe nani?"